SOMO LA AFYA: HOMONI, KUKUA KWA MWILI NA UGONJWA WA KISUKARI



Kila tunapotembelea matawi, mashambani na viwandani, tunaulizwa maswali mawili juu ya ugonjwa wa kisukari. La kwanza: je, ni ugonjwa wa matajiri? La pili, hasa kutoka kwa wenzetu wa viwanda vya miwa: je, kazi ya kutengeneza sukari ndiyo inayoleta kisukari? Tutayajibu yote mawili. Lakini kwanza hatuna budi kujua mwili unavyofanya kazi. Sisi tunaoandika tuliishia shule ya msingi, na mambo haya tumeyachambua pole pole kwa kuwauliza waganga na kusoma. Kama sisi tumeyaelewa, hakuna mfanyakazi atakayeshindwa.

Mwili ni kama kiwanda chenye idara nyingi. Habari nyingine hupita katika mishipa ya fahamu, upesi kama simu. Nyingine huchukuliwa na damu, kama tarishi anayepeleka barua kutoka ofisi moja mpaka nyingine. Matarishi hao huitwa homoni, na hutengenezwa na viungo viitwavyo tezi. Ziko homoni za kukuza mtoto, za kumfanya kijana abalehe, za kuutia mwili nguvu wakati wa hofu. Moja inaitwa insulini, nayo hutoka katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula.

Ugali, wali, ndizi na muhogo vikishasagwa tumboni hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Sukari hiyo ndiyo dizeli ya mwili. Insulini ndiyo inayowezesha sukari kuingia katika nyama za mwili ili ifanye kazi. Insulini ikikosekana, sukari hujaa katika damu huku nyama zina njaa: mapipa ya dizeli yamejaa uani, na trekta limezimika kwa kukosa mafuta. Ndipo figo huanza kuitoa sukari kwa njia ya mkojo, na sukari huvuta maji pamoja nayo. Kwa hiyo mgonjwa hukojoa mara nyingi, huwa na kiu isiyokatika, hukonda na kuchoka.

Kuna aina mbili kubwa. Katika aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, askari wa mwili wenyewe huharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Huo si uchawi, wala si kosa la mzazi. Mtoto wa namna hii asipopata insulini huacha kukua, hudhoofika na kufa. Katika aina ya pili insulini ipo, lakini mwili hauisikii vizuri, na kongosho huchoka kwa kupiga kelele. Aina hii hufuata ukoo, umri, mafuta ya tumboni, vinywaji vya sukari na kukaa bila kutumia mwili.

Basi majibu ni haya. Vumbi la sukari kiwandani halileti kisukari. Na ugonjwa huu si wa matajiri: hesabu ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 1921 hatuna, maana wakati huo hata shirika lenyewe halikuwapo, lakini ya mwaka 2021 ilitaja watu wazima milioni 537 duniani, na watatu kati ya kila wanne walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani nchi kama zetu.

Tumeutaja mwaka 1921 kwa sababu. Kabla ya hapo wataalamu walijua kwamba kongosho ndilo lenye siri. Mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Josef von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Lakini dawa haikupatikana. Mtoto mwenye aina ya kwanza alinyimwa chakula ili aishi miezi michache zaidi. Katika kiangazi cha mwaka 1921, mjini Toronto, Kanada, daktari kijana Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best walifanya kazi katika maabara ya Profesa Macleod, wakatoa maji ya kongosho la mbwa yaliyoshusha sukari. James Collip akayasafisha. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa sindano. Ile ya kwanza haikuwa safi na haikumfaa. Siku 12 baadaye alipewa iliyosafishwa, sukari yake ikashuka, naye akaishi miaka 13 zaidi.

Wafanyakazi wakumbuke jambo hili: wavumbuzi waliuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isishikwe na mtu mmoja. Leo sehemu kubwa kabisa ya soko la insulini duniani imo mikononi mwa kampuni tatu, Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi. Kwa miaka mingi insulini ilitoka katika makongosho ya ng'ombe na nguruwe wa machinjioni. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani waliweza kuvifanya vijidudu vitengeneze insulini ya binadamu, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kutumika. Kazi ya kuitengeneza imekuwa nyepesi, lakini bado yuko mgonjwa anayeuza mbuzi ili anunue chupa moja.

Sasa tuje kwenye kukua. Wengi hudhani kukua na kisukari ni mambo mbalimbali. Mtu aliyetufundisha kwamba ni ndugu ni Bernardo Houssay wa Buenos Aires, Argentina. Yeye alichunguza tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari. Aliona kwamba mbwa asiye na kongosho hupata kisukari kikali, lakini akiondolewa na ile pituitari, kisukari hupungua ukali na mbwa huishi zaidi. Akidungwa maji ya pituitari, sukari hupanda tena. Mwaka 1937 Frank Young wa Uingereza alionyesha kwamba mbwa akidungwa maji hayo siku baada ya siku anaweza kupata kisukari cha kudumu.

Sababu ni kwamba pituitari hutoa homoni ya kukuza mwili, nayo huvutana na insulini. Moja hushusha sukari, nyingine huizuia isishuke. Ndiyo maana kijana mwenye kisukari, anapobalehe na kurefuka, huhitaji insulini nyingi kuliko alivyozoea. Mzazi asidhani mtoto anaiba peremende.

Houssay alikuwa na ushujaa mwingine. Mwaka 1943 alitia sahihi tamko la kudai demokrasia, na serikali ya kijeshi ikamfukuza chuoni. Aliendelea na uchunguzi katika taasisi ndogo iliyoanzishwa kwa michango ya watu, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel.

Ushahidi wa karibu zaidi umetoka kusini mwa Ecuador. Huko wako watu kama mia moja, wengi wa mkoa wa Loja, ambao miili yao haiwezi kuisikia homoni ya kukua. Watu wazima wao wana kimo cha mtoto wa shule. Daktari Jaime Guevara-Aguirre aliwafuatilia miaka 22, na mwaka 2011 matokeo yakachapishwa: ingawa wengi wao ni wanene, hakuna hata mmoja aliyeonekana kuwa na kisukari, na jamaa zao warefu walikuwa nacho kama watu 5 katika 100. Wataalamu sasa wanatafuta dawa kwa kufuata njia hiyo.

Haya ni ya maabara. Ya kwetu ni ya zamu na mnyapara.

Mtu anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge, akichelewa kula au akifanya kazi nzito kupita kiasi, sukari yake hushuka mno. Hutoka jasho, hutetemeka, huongea maneno yasiyoeleweka, huyumba. Anafanana kabisa na mlevi. Katika kiwanda kimoja mwenzetu wa zamu ya usiku alikutwa hivyo karibu na mashine, akaandikiwa barua ya kufukuzwa kwa ulevi. Hakuna aliyemnusa kinywa wala kumuuliza. Mapumziko ya chakula yalikuwa yamesogezwa saa mbili mbele ili mzigo umalizike. Tawi lilipeleka kadi yake ya kliniki mezani, na baada ya wiki tatu alirudi kazini, lakini mishahara ya wiki hizo tuliidai miezi mingi.

Ukimwona mwenzako hivyo, mwondoe kwenye mashine, mpe chai ya sukari au soda ya kawaida. Kama amezimia usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbize zahanati.

Katika mkataba wa pamoja tudai mambo yanayogharimu kidogo. Saa ya kula isisogezwe kwa mwenye cheti. Aruhusiwe kuwa na kipande cha muwa au sukari mfukoni. Apewe buti zisizombana, maana kisukari huua hisia za miguu, na kidonda kidogo cha kisiki cha mchai kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Kila jioni aitazame miguu yake hata nyayo. Zahanati ya shamba iwe na kipimo cha sukari na jokofu. Pasipo na jokofu, chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji na kuwekwa kivulini husaidia. Uchunguzi uliofanywa kambini Dagahaley, Dadaab, Kenya, na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini ilibaki na nguvu kwa majuma manne katika joto la kati ya digrii 25 na 37. Jua kali ndilo adui, na barafu pia.

Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kwamba kutokuwapo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa si sababu halali ya kumfukuza mtu, na kwamba aliyetuhumiwa kwa mwenendo wake apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kufukuzwa. Uganda, Zambia na Malawi zimeuridhia. Mwenye kisukari na apeleke nakala ya cheti cha mganga kwa katibu wa tawi mapema, akiwa mzima, wala asingoje mpaka barua ifike.