Maji Kwenye Tangi la Boti: Yameingilia Wapi?

Injini ikizimika boti ikiwa kwenye mkondo au karibu na mwamba, maisha ya waliomo yako hatarini. Mara nyingi chanzo ni maji kwenye mafuta. Wengi huyamwaga, wakasafisha filta na kuendelea na safari, na baada ya siku chache injini inazimika tena. Maji yatarudi mpaka ujue yanakoingilia na upazibe.

Anza na chupa

Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, kwa hiyo hutuama chini. Acha boti itulie usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, vuta mafuta ya chini kabisa ya tangi kwa pampu ya mkono, kamwe si kwa mdomo, uyatie kwenye chupa ya kioo. Yakitulia, maji yataonekana chini na mafuta juu. Kwenye dizeli, ute mweusi au wa kahawia kati ya tabaka hizo ni dalili ya vijidudu, na kwa kawaida huonyesha kwamba maji yamekaa muda mrefu.

Ya bahari au ya mvua?

Nyonya maji ya chini ya chupa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, udondoshe matone machache kwenye kipande cha kioo. Kando yake weka tone la maji ya bahari na jingine la mvua. Yaanike juani, mbali na moto. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, hivyo likikauka tone lake huacha ukoko mweupe. Linganisha. Ziwani kipimo hiki hakisaidii. Huko kagua njia zote zilizo hapa chini.

Yakiwa ya chumvi, kagua mfuniko wa kujazia mafuta na bomba la hewa. Paka chaki kwenye ukingo wa tundu, funga mfuniko, kisha ufungue. Chaki iwe imeacha duara kamili kwenye mpira. Palipokatika, hapabani, na mpira ubadilishwe. Mdomo wa bomba la hewa uwe juu na usielekee yanakorukia mawimbi.

Yakiwa ya mvua, tazama ulivyohifadhi mafuta. Pipa lililosimamishwa nje hukusanya maji juu yake. Usiku hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, ikavuta maji hayo kupitia kizibo kilicholegea. Liweke chini ya paa, au ulilaze vizibo viwili vikae usawa mmoja, kushoto na kulia. Tangi la kubebeka lenye skrubu ya hewa kwenye mfuniko lifungwe skrubu hiyo boti inapoegeshwa.

Usikimbilie kulaumu umande

Hewa ya nyuzi joto 30 iliyojaa unyevu hubeba takriban gramu 30 za mvuke wa maji kwa kila mita ya ujazo. Tangi tupu la lita 200 lina sehemu ya tano tu ya hewa hiyo, yaani gramu 6, kama kijiko kimoja cha chai. Umande unaotokana na mvuke huo huongezeka kidogo kidogo kwa miezi. Glasi nzima ya maji kwa usiku mmoja imetoka kwingine.

Muuzaji naye apimwe

Kila ununuapo, jaza chupa moja kabla ya kumimina mafuta tangini, uandike tarehe. Chupa ikiwa safi na tangi likawa na maji, kosa liko botini au kwenye pipa lako. Maji yakionekana kwenye chupa, rudi nayo kwa muuzaji.

Rekebisha kitu kimoja kwa wakati, kisha upime tena. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua kipi kilikuwa chanzo. Usivute sigara karibu na petroli, wala usimwage mafuta machafu baharini: yatie kwenye dumu lenye mfuniko, uyapeleke gereji wanakopokea mafuta machafu. Na mpaka chupa ya asubuhi itoke safi mara kadhaa mfululizo, usipakie abiria.