Waliojiona Kama Mapanzi

JUMANNE

Soma Hesabu 13:27–33. Wapelelezi kumi walisema nini kuhusu nchi, na walisema nini kuhusu nafsi zao?

Wapelelezi wote kumi na wawili walitembea siku arobaini katika nchi ile ile na kupanda milima ile ile. Hata hivyo, kumi kati yao walirudi wakisema kwamba walijiona kuwa mapanzi, na kwamba wenyeji nao waliwaona hivyo (fungu la 33). Je, walijuaje mawazo ya wenyeji? Biblia haisemi kwamba walimwuliza hata mmoja. Walitangulia kujidharau wenyewe, kisha wakaiweka dharau hiyo katika macho ya wengine.

Jambo hili hutokea hata katika mambo madogo. Kanisa linapotangaza matembezi ya mlimani au kambi ya Watafuta Njia, wako washiriki wanaolisikia tangazo kana kwamba linawahusu watu wengine. “Mimi ni mnene.” “Umri umekwenda.” “Sina viatu vya kupandia.” “Nitawachelewesha wenzangu.” Hakuna aliyewakataza, wamejikataza wenyewe kwa niaba ya wenzao. Hivyo wanakosa hewa safi, mazoezi na ushirika, na kile kitabu cha pili cha Mungu, yaani maumbile, hakifunguliwi.

Lakini Zaburi 24:1 inatangaza kwamba nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Mtoto hahitaji ruhusa ya jirani kuingia katika shamba la Baba yake.

Soma Yoshua 14:6–12. Kalebu aliomba nini, naye alikuwa na umri gani?

Akiwa na miaka 85, Kalebu aliomba mlima, tena ule waliokaa Waanaki, majitu yale yale yaliyowatisha wenzake. Tumaini lake halikuwa katika misuli peke yake, bali katika Bwana kuwa pamoja naye (fungu la 12).

Hulda Crooks, Mwadventista aliyezaliwa Kanada mwaka 1896 na kuishi Loma Linda, California, alitiwa moyo na mumewe, aliyekuwa daktari, atembee nje kwa ajili ya afya yake. Mumewe alifariki mwaka 1950, lakini Hulda hakuacha kutembea. Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 66, alipanda kwa mara ya kwanza Mlima Whitney, wenye mita 4,421. Aliupanda mara 23 kwa jumla. Mwaka 1987, akiwa na miaka 91, alifika kilele cha Mlima Fuji, Japani. Si kila mtu atafika vilele hivyo, wala neema ya Mungu haipimwi kwa mita. Aliye mgonjwa na apate kwanza ushauri wa daktari. Hata hivyo, kila mmoja anayo hatua yake ya kwanza.

Soma Mwanzo 33:13, 14. Yakobo aliupanga mwendo wa msafara wake kwa kuwafuata akina nani?

Mwenye shaka hapaswi kuachiwa mzigo wote. Yakobo alikataa kwenda kwa mwendo wa Esau na watu wake. Alikwenda kwa mwendo wa watoto na wanyama wanaonyonyesha. Waongozaji wa Mlima Kilimanjaro nao humwambia kila mgeni, hata kijana mwenye nguvu, “pole pole,” kwa kuwa mwili unahitaji muda kuizoea hewa nyepesi ya juu.

Kundi linaloandaa matembezi linaweza kutaja katika tangazo umbali na ugumu wa njia, kuazimana viatu na makoti, na kumtanguliza mwenye mwendo wa polepole. Aliye wa mwisho anapofika mahali pa kupumzikia, wenzake wasiinuke papo hapo na kuondoka. Naye anahitaji kupumzika.

Tafakari: *Ni mwaliko gani ambao umeukataa kwa sababu ulidhani hutakiwi? Je, mtu fulani alikuambia hivyo, au ulijiambia mwenyewe? Katika darasa lenu, nani hajawahi kufika kwenye matembezi yenu, na ni nani atakayekwenda kumwalika kwa jina lake juma hili?*