Momella kwa Miguu, Mwezi Wowote

Ukitoka Arusha kuelekea Moshi, ukishapita Usa River kuna njia inayochepuka kushoto kuufuata Mlima Meru. Abiria wengi huipita kila wiki bila kujua kwamba mwisho wake ni hifadhi ambayo mtu anaruhusiwa kushuka kwenye gari akatembea. Hiyo ndiyo Hifadhi ya Taifa Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, kisha mwaka 1967 ikaunganishwa na Mlima Meru. Hapa twiga unamtazama ukiwa umesimama kwenye nyasi zilezile anazozikanyaga yeye.

Swali la kwanza la wageni ni mwezi upi unafaa. Mwezi wowote unafaa, ilimradi njia uichague kwa kufuata mvua.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, baki chini. Udongo wa huku umetokana na majivu ya volkano, na ukilowa hung'ang'ania soli mpaka kiatu kinakuwa kizito kama tofali. Raba za mjini hazifai. Vaa viatu vyenye meno na ushike fimbo. Nenda maporomoko ya Tululusia, maana huo ndio msimu yanapokuwa na nguvu. Njia yake inakatiza uwanda chini ya Meru, na kwenye tope utaona alama za kwato za nyati zimejaa maji ya mvua. Kilele kiache kwa sasa, mawe ya juu yanateleza na mawingu hayaachii.

Juni na Julai ni baridi kweli, na asubuhi ukungu hulala juu ya maziwa ya Momella. Beba sweta. Kuanzia hapo hadi Oktoba, na tena Januari na Februari, ndipo wakati wa mlima. Mwenye siku moja apande hadi kwenye vibanda vya Miriakamba, kwenye mita 2,500 hivi, akipitia njia ndefu ya mtini mkubwa ulioota ukaacha uwazi kama lango. Mwenye siku tatu au nne ndiye wa kufikiria kilele, ambacho kinazidi mita 4,500. Mvua za vuli huja katikati ya vipindi hivyo viwili, nazo hazizuii kutembea ukianza mapema. Ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya huwa wameshafika ziwani.

Maziwa yenyewe ni saba, na yanastahili siku nzima. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka. Mawe na tope vikamwagika mbali, vikaacha vilima vidogo na mabonde, na maji yakajikusanya mabondeni. Sehemu kubwa ya maji hayo huja kwa chini ya ardhi, yana magadi, na kila ziwa lina mwani wake. Ndiyo maana moja ni la kijani na jirani yake ni la buluu. Heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi huwaita flamingo, hufuata mwani huo na huhama wanapotaka, kwa hiyo usimwahidi mtoto kwamba atawakuta.

Maji hayo usiyanywe, wala ya kijito kinachoonekana safi. Maji mengi ya kuzunguka Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi, na kuyachemsha hakuyaondoi, kunazidisha ukali wake kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Waangalie wazee wa vijiji vya jirani wanapocheka: meno ya kahawia waliyapata utotoni kwa kunywa maji hayo. Beba maji yako kutoka mjini, ya kutosha kutwa.

Huruhusiwi kutembea bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Mpange mapema, na malipo yote yafanye kwa namba ya malipo, si fedha taslimu mkononi. Chukua kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwa sababu Mtanzania na mwana wa Afrika Mashariki hulipa pungufu sana kuliko mgeni wa ng'ambo. Kreta ya Ngurdoto hutazamwa kutoka ukingoni tu, kule chini wameachiwa wanyama; lakini msitu wa pale ukingoni una mbega, na mikia yao mirefu myeupe huiona kabla hujawaona wenyewe.

Njiani fuataneni mstari mmoja nyuma ya askari. Akiinua mkono, simama, nyamaza, usikimbie hata kama nyati yuko hatua thelathini. Nyati hutazama, hupuliza pua, na mara nyingi hugeuka akaingia kichakani. Askari atasubiri kidogo, atasikiliza, kisha atawapa ishara ya kuendelea.