Somo la Afya: Kupima Lishe ya Mwenye Mafuta Mengi Katika Damu



Kila mkulima ajua ya kwamba karafuu hazihukumiwi kwa ukubwa wa lundo lililo jamvini. Mnunuzi huzichota, akatazama rangi, akatafuta makonyo na takataka, akapima unyevu, ndipo akatoa daraja. Mwili wa binadamu nao ni vivyo hivyo.

Tumeona tuandike somo hili kwa sababu ya maneno tunayoyasikia mara kwa mara mashambani: "Mimi mwembamba; mafuta ya damu ni maradhi ya wanene." Maneno haya si kweli, na yaweza kumpotezea mtu maisha yake. Mafuta yakizidi katika damu hujijenga pole pole katika kuta za mishipa, wala hayaumi. Wengi hupata habari siku moyo unaposhikwa, au upande mmoja wa mwili unapopooza.

Basi yako mambo manne ya kutazamwa, na moja peke yake halitoshi.

1. Uzito na kimo. Zidisha kimo chako cha mita kwa chenyewe, kisha gawa kilo zako kwa jibu hilo. Tuseme mwenzetu mmoja ana kilo 60 na kimo cha mita 1.60. Mita 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 60 kugawa kwa 2.56 ni 23 na kidogo. Kwa watu wazima, kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25 huhesabiwa kuwa ni uzito wa kufaa. Hapa mwenzetu hushukuru akataka kwenda zake. Asiende bado.

2. Kiuno. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe tumbo katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, utoe pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani. Kiuno chataka kisifike nusu ya kimo. Nusu ya kimo cha mwenzetu ni sentimita 80, naye amepata 92. Mafuta yaliyojificha tumboni, karibu na ini, yana madhara kuliko ya mapajani. Mizani haikuyaona, utepe umeyaona.

3. Chakula. Andika kila ulichokula na kunywa tangu asubuhi ya jana mpaka asubuhi ya leo, pamoja na kiasi chake. Fanya hivyo kwa siku tatu, moja wapo iwe siku ya mapumziko, na urudie msimu wa karafuu ukiisha, maana chakula cha wakati wa fedha sicho cha wakati wa kungoja. Usisahau chai: vikombe vinne vyenye vijiko vitatu vitatu ni vijiko 12, karibu gramu 50 za sukari. Sukari nyingi hupandisha mafuta yaitwayo trigliseridi. Samli na tui zito la nazi hupandisha kolesteroli.

4. Damu. Hapa hapana kukisia. Kwa watu wengi, jumla ya kolesteroli yatakiwa iwe chini ya milimoli 5 kwa lita, na trigliseridi, zikipimwa kabla ya kula, chini ya 1.7. Mwenye kisukari au aliyekwisha kuugua moyo huwekewa mipaka mikali zaidi. Daktari huuliza pia habari za jamaa, kwa kuwa wako wanaorithi kolesteroli nyingi hata wakila vizuri. Tena hutazama sukari, figo na tezi ya shingo, kwani hitilafu zao zaweza kuleta mafuta hayo.

Sasa twageuka upande wa pili, maana kosa lake si dogo. Wako walioambiwa damu yao ina mafuta, wakaogopa, wakaacha karibu kila kitu wakabaki na muhogo wa kuchemsha na chai. Kupima lishe ni kutafuta kilichozidi na kilichopungua pia. Aliyekuwa na kilo 60, akapoteza kilo 3 au zaidi ndani ya miezi sita bila kukusudia, na arudi kwa daktari. Samaki, maharagwe, kunde, mchicha na matunda havikukatazwa, ndivyo vinavyomjenga. Samaki achomwe au apikwe mchuzi mwepesi, asizamishwe katika mafuta. Na aliyepewa dawa asiache kwa kuwa ajiona mzima.

Yatupasa kila mmoja wetu kupima kiuno chake wiki hii, aandike chakula cha siku tatu, kisha aende hospitali kupima damu, na karatasi yake mkononi. Mwembamba naye asibaki nyuma.

MASWALI YA KUJIPIMA
(1) Nusu ya kimo chako ni sentimita ngapi, na kiuno chako je?
(2) Jana ulitia vijiko vingapi vya sukari?
(3) Katika jamaa zako, nani aliugua moyo angali kijana?