Muundo wa Somo la Mtandaoni kwa Wakufunzi wa Kiswahili: Mfano wa Upatanisho wa Kisarufi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kupanga somo la mtandaoni kwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu. Ufundishaji wa mbali si jambo geni Tanzania. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana wengi waliandaliwa kuwa walimu wa shule za msingi kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mafunzo ya ana kwa ana. Mpango ule haukuitegemea redio peke yake: sauti ilipita, maandishi yakabaki, na palikuwa na mtu wa kuulizwa. Masomo mengi ya mtandaoni yameusahau utaratibu huo. Mhadhara wa saa mbili hurekodiwa, kisha ukaitwa somo.

2.0 Somo la ngeli

Na uchukuliwe mfano wa ngeli za nomino. Uainishaji wa kimofolojia, unaofuata mapokeo ya Bleek na Meinhof, hutazama viambishi vya nomino. Kwa hiyo kitabu na kiboko huwekwa pamoja. Uainishaji wa kisintaksia hutazama upatanisho: kitabu kikubwa kimepotea, lakini kiboko mkubwa amepotea. (Kiboko chenye maana ya mjeledi hurudi kwenye ki-, nao ni mtego mzuri wa kuwategea washiriki.) Somo likianza na jedwali la ngeli, washiriki watalinakili wala hawataliona tatizo lililozaa jedwali hilo.

Afadhali somo lianze na data. Siku chache kabla ya kipindi cha pamoja, washiriki hupelekewa ukurasa mmoja wenye sentensi kumi, baadhi zikiwa na makosa ya upatanisho. Kila mmoja huandika kosa liko wapi na kwa sababu gani, kisha hurudisha majibu. Hapo kipindi cha pamoja hupata kazi yake halisi, yaani kuyashughulikia majibu yanayopingana. Atakayedai kwamba nomino za viumbe hai hufuata upatanisho wa a-/wa- daima, apewe sentensi hii: rafiki yangu mkubwa amefika. Kitenzi na kivumishi vinakubaliana na dai lake; kimilikishi kinakataa. Mshiriki hulazimika kuirekebisha kanuni yake mwenyewe, na kanuni iliyorekebishwa na mtu mwenyewe haisahauliki upesi.

3.0 Maandishi, sauti na picha

Mtandao una gharama, na mshiriki aliye mbali na mji ndiye anayeilipa zaidi. Maandishi mepesi yatangulie, sauti fupi ifuate, na video itumike pale tu ambapo kuona ni lazima.

Pale ni katika ufundishaji wa majaribio. Mkufunzi hufundisha kosa moja kwa dakika kumi, akajirekodi kwa simu, na mwenzake akaitazama rekodi. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, ilhali ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa kosa la mkufunzi mmoja huingia katika madarasa ya walimu wote anaowaandaa. Anayetazama asihesabu slaidi wala asisifu sauti. Asikilize swali ambalo mkufunzi aliuliza mara tu baada ya kupewa jibu lisilo sahihi.