Wanaokula Chungu Kimoja: Lugha katika Utafiti wa Kiangazi, Kasongo na Kabambare

Katika vyuo vikuu vya Marekani, likizo ya Juni hadi Agosti ni msimu wa kazi kwa wanafunzi wengi wa sayansi wa shahada ya kwanza. Mwanafunzi hukabidhiwa kwa mhadhiri, huingizwa katika utafiti ambao mhadhiri huyo anaufanya tayari, kisha hupewa kipande kidogo cha utafiti huo akifanye kwa mikono yake. Margaret MacVicar alianzisha mpango wa namna hii katika chuo cha MIT mwaka 1969. Mwaka 1987 Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani likaanzisha mpango wake wa kuwagharimia wanafunzi wa vyuo mbalimbali.

Tukiuita utafiti huo "wa kiangazi", msomaji wa pwani atashangaa kidogo, maana kwake kiangazi ni joto la Desemba hadi Februari, na miezi ya katikati ya mwaka ni ya kipupwe. Kusini mwa Maniema jina linakaa vizuri. Juni hadi Agosti mvua hukatika Kasongo na Kabambare, njia hupitika kwa nafuu, na mpunga uliovunwa umo ghalani. Mwenye swali la kisayansi linalohitaji kutembea nyumba kwa nyumba hana miezi mizuri kuliko hiyo.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba katika utafiti wa namna hii mwalimu anahitajika zaidi mwanzoni, wakati maswali yanapotungwa, na kwamba hapo ndipo mwanafunzi wa lugha ana kazi. Mara nyingi mambo huenda kinyume. Mwanafunzi hutunga fomu kwa Kifaransa peke yake, huitafsiri usiku wa kuamkia safari, na mwalimu huiona kwa mara ya kwanza data zikiwa zimekwisha kukusanywa. Nilifanya hivyo mwenyewe, kwa hiyo sisemi kwa kumcheka mtu.

Kasongo ina jina katika historia ya utafiti wa afya. Kuanzia mwaka 1971, madaktari walioshirikiana na Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp walijaribu huko namna ya kupanga huduma za afya: vituo vidogo karibu na watu, na hospitali moja ya kuvitegemeza. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Hakuna jina la mtu juu ya makala hiyo. Imetiwa sahihi na "Timu ya Mradi wa Kasongo". Walilinganisha watoto waliochanjwa na wasiochanjwa, wakaona kwamba chanjo inapunguza vifo, lakini wakauliza swali gumu: je, baadhi ya watoto waliookolewa na surua hawafi baadaye kwa ugonjwa mwingine? Peter Aaby, Mdenmark aliyefanya utafiti Guinea-Bissau, alipinga tafsiri hiyo, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Aaby alianza kama mwanaanthropolojia, jambo ambalo watu wa kitivo chetu wanaweza kulikumbuka wanapoambiwa kwamba hesabu za vifo haziwahusu.

Tazama sasa ni maneno mangapi yamebeba uchunguzi wa aina hiyo. La kwanza ni "miezi 7 hadi 35". Mama asiye na karatasi ya kuzaliwa akiulizwa "mtoto ana miezi mingapi?" atajibu kwa heshima, kwa sababu mgeni ameuliza, na namba atakayotoa inaweza kuwa ya kumridhisha mgeni. Watafiti hutumia kalenda ya matukio: mtoto alizaliwa kabla ya kupanda mpunga au baada? Kabla ya sikukuu ipi? Kalenda hiyo haitungwi ofisini. Hutungwa kwa kukaa na akina mama wa mtaa ule ule na kusikiliza wanahesabu kwa nini. Ukikosea mwezi mmoja penye mpaka, mtoto anaingia kwenye hesabu au anatoka.

La pili ni jina la ugonjwa. Mama wa Kabambare anaweza kulisema kwa Kiswahili, kwa Kibangubangu, au kwa Kifaransa alichokisikia kwenye kituo cha afya, na si lazima majina hayo matatu yawe na mipaka ileile. Neno "homa" ni mtego mkubwa zaidi. Kwa daktari ni joto la mwili lililopanda. Kwa watu wengi ni malaria. Ukiuliza "mtoto alikuwa na homa?" hujui umejibiwa swali lipi. Ni afadhali kuuliza "mwili wake ulikuwa wa moto?"

La tatu ndilo lililonikamata mimi. Nilifuatana na wenzangu wa kilimo kuuliza juu ya mavuno, na fomu ilianza na idadi ya watu wa nyumbani. Kamusi ilinipa "kaya", neno zuri la Kiswahili sanifu cha Tanzania, nikaliandika. Mzee wa kwanza alinitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo kaya ni kitu gani?" Nikabadilisha, nikasema "jamaa". Akaanza kuhesabu ndugu zake wote, pamoja na walioko Kindu na Lubumbashi. Mke wake ndiye aliyetuokoa: "Wanataka wanaokula chungu kimoja." Wanademografia hufafanua kaya karibu hivyo hivyo, kwa watu wanaopika na kula pamoja. Mama yule hakuwa amesoma demografia. Fomu kumi na mbili tulizokuwa tumejaza asubuhi katika mtaa mwingine tulizitupa, na hakuna mwalimu aliyekuwa karibu kutuambia kama tulifanya vyema.

Upande wa mavuno, Kiswahili kilikuwa tajiri kuliko fomu. Kifaransa kina neno moja ambalo sisi tunaligawa kuwa mpunga, mchele na wali. Kwa mtu wa kilimo huo si urembo wa lugha: mpunga ukikobolewa hupoteza karibu theluthi moja ya uzito wake. Mkulima akisema "magunia matano" bila mwanafunzi kujua ni ya kitu gani, kosa ni kubwa kuliko tofauti yoyote ambayo utafiti ulitaka kuipima. Tena usidhani kwamba kila mtu anayagawa maneno hayo kama kamusi. Mwombe akuonyeshe gunia.

Kuhusu daftari, Kabambare ina funzo lake. Livingstone aliuita mji huo Bambarre, akaufikia mwaka 1869, na vidonda vya miguu vikawa miongoni mwa mambo yaliyomzuia hapo kwa miezi mingi hadi Februari 1871. Karatasi zilimwishia, akawa anaandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani kwa wino wa matunda ya porini. Maandishi yalififia hata yakawa hayasomeki. Mwaka 2010 na 2011 timu ya Adrian Wisnicki iliyapiga picha kwa mwanga wa mawimbi tofauti, yakasomeka tena, na ikaonekana kwamba masimulizi yake ya mauaji ya Nyangwe ya Julai 1871 hayafanani kabisa na nakala safi aliyoiandika baadaye, wala na kitabu alichokihariri Horace Waller mwaka 1874.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekwenda Kasongo kiangazi hiki aandike jibu kwa maneno ya aliyejibu, kwa lugha aliyojibia, kabla ya kuligeuza kuwa namba, na daftari lile lisitupwe nakala safi ikipatikana. Mwenzake wa lugha akae naye jioni, wapitie majibu ya siku neno kwa neno. Mwalimu naye aje wiki ya kwanza. Fomu tano zilizojazwa mbele yake, barazani kwa mtu, zinatosha kuonyesha swali gani libadilishwe kabla ya kuchapa mia mbili.