Mzazi Yuko Mara, Wewe Uko Mbali: Maswali Kuhusu Maudhi ya Dawa za Saratani

Wagonjwa wengi wa saratani kutoka Musoma, Bunda na Butiama hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, na wengine hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Wakishawekewa dripu hurudi nyumbani, na siku ngumu huwakuta huko, si wodini. Maelezo haya ni kwa mtoto anayemhudumia mzazi kwa simu.

Tibakemikali ni nini, na kwa nini ina maudhi?
Ni dawa za kuua seli za saratani, kwa dripu au vidonge. Hushambulia seli zinazozaliana upesi, na seli za namna hiyo zimo pia kwenye nywele, mdomo, utumbo na uboho, yaani kiini laini cha mfupa kinachotengeneza damu. Maudhi mengi hupungua kati ya dozi moja na nyingine, ingawa ganzi ya vidole inaweza kuendelea kwa miezi.

Mama anasema ana homa. Nimtumie hela ya dawa ya malaria?
Hapana. Aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hushuka sana, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika siku hizo maambukizi yanayoonekana madogo yanaweza kuenea kwenye damu na kuua kwa muda mfupi.

Tunakaa kwenye swali hili kwa sababu huku kandokando ya ziwa homa yoyote huitwa malaria, na mara nyingi ni malaria kweli. Lakini kwa mgonjwa huyu, hata kipimo cha haraka kikionyesha malaria, bado anahitaji kupimwa picha kamili ya damu na kuonwa na daktari. Akifika mapokezi, maneno ya kwanza yawe: “Niko kwenye dawa za saratani, na nina homa.” Asipange foleni kimya.

Mtumie kipimajoto kwa basi, na umfundishe jirani au mjukuu kukisoma. Nyuzi 38 au zaidi ni dharura; kutetemeka kwa baridi au kulegea ghafla ni dharura pia, maana wazee wengine hawapandi joto. Asimeze paracetamol kabla ya kupimwa, kwa kuwa hushusha joto na kuficha hatari.

Dalili gani nyingine haisubiri kesho?
Damu isiyokatika puani au kwenye fizi, choo cheusi, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, kuhara mfululizo, au kutapika kiasi kwamba hata maji hayakai. Mkono uliowekewa dripu ukivimba, ukiuma au kutoa malengelenge, nao uonwe mara moja.

Nitampelekaje hospitali nikiwa Dar es Salaam au Muscat?
Panga kabla ya dripu. Chagua mtu mmoja aliye karibu, dereva mmoja anayepokea simu usiku, na nauli iliyo tayari kwa mtu huyo, si kwenye simu yako. Kwa anayeishi kisiwani, kama Rukuba, ni busara akae kwa ndugu wa nchi kavu katika wiki mbili za kwanza baada ya dripu. Gari la m-mama la namba 115 limewekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, hivyo usilitegemee kwa hili.

Hali chochote, anatapika.
Dawa ya kuzuia kutapika humezwa kwa saa zilizoandikwa, kabla kichefuchefu hakijaanza, hivyo mpigie kumkumbusha. Ikishindwa, daktari anaweza kuibadilisha, kwa hiyo asivumilie hadi kliniki ijayo. Ale kidogokidogo: uji, ndizi, sato au dagaa walioiva vizuri. Maziwa yachemshwe, na mtindi wa maziwa mabichi usubiri. Maji ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa, na akihara anywe maji ya ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini.

Vidonda mdomoni na nywele kudondoka?
Asukutue kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, atumie mswaki laini, na pilipili ikae kando. Nywele huanza kudondoka wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza kwa baadhi ya dawa, kisha huota tena.

Ni kweli anaweza kutuambukiza, hasa watoto?
Hofu hii inaeleweka, kwa kuwa hospitali huwaelekeza wauguzi wavae glavu. Saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kukumbatiana. Dawa ndiyo hutoka kupitia mkojo, choo na matapishi, hasa kwa saa 48 za kwanza, hivyo anayevisafisha avae glavu na kunawa kwa sabuni, na mjamzito asivishike. Dawa moja nyekundu hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo si damu.

Nikimpigia daktari, atanieleza?
Taarifa za mgonjwa ni siri yake, na umri wake hauondoi haki hiyo. Mwombe mzazi aseme mbele ya daktari kwamba wewe ni msemaji wake, na jina na namba yako viandikwe kwenye faili. Ndugu wakimficha jina la ugonjwa, mgonjwa mwenyewe hushindwa kujua kwamba homa yake ni ya hatari. Ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa; kama ni Kijita au Kizanaki, basi awepo wa kumtafsiria.

Na gharama?
Kama hana bima, aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa. Sera inawapa msamaha wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo.

Watu wanasema dripu ndiyo inayomaliza wagonjwa. Mzee sasa anataka mitishamba tu.
Wengi huanza tiba ugonjwa ukiwa umeenea, na kifo kikija baada ya dripu, dripu hulaumiwa. Baadhi ya mitishamba huchosha ini au kugongana na dawa, hivyo amwonyeshe daktari anachokunywa, na daktari mzuri hatamfokea. Ana haki ya kukataa tiba, lakini kwanza aulize kama dozi inaweza kupunguzwa au kusogezwa. Na akiamua kusitisha, bado anastahili tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso, ikiwamo mofini ya maji anayoweza kunywa nyumbani kwa maelekezo ya daktari.